Baraza la Mtaa na Watoto Wanaopotea: Habari za Chicago

Mkono mmoja haulei mwana. Neno hili la wazee kila mtu analijua, na kila mtu analikubali. Lakini watu wanapotoka vijijini na kukusanyika katika mji mkubwa, neno lile huanza kuwa gumu. Kijijini mtoto akiiba kuku, jirani humshika, humkaripia, kisha humpeleka kwa baba yake, na baba hushukuru. Mjini jirani hufunga dirisha. Husema: huyu si mtoto wangu, wala simjui baba yake, polisi wapo, na tribunali ipo. Basi mtoto hubaki kati ya wazazi wanaokwenda kazini alfajiri na polisi wanaokuja usiku, na katikati hapo hakuna mtu.

Katika nchi nyingi watu wamejaribu kuijaza nafasi hiyo kwa kuunda baraza la mtaa, ambalo kazi yake ni kuwazuia vijana wasiingie katika wizi na ujambazi. Kuunda baraza si kazi ngumu: mkutano mmoja, hotuba mbili tatu, majina yaandikwe katika kitabu, na baraza limezaliwa. Ugumu huanza siku ya pili yake. Nani atakaa katika baraza? Nani atashika fedha? Nani ataamua, na nani ataambiwa tu? Twaona kwamba mabaraza mengi hufa kwa sababu maswali hayo hayakujibiwa vizuri.

Tumechagua kueleza habari za Chicago, mji mkubwa wa Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, huko maswali hayo yaliulizwa mapema na kujibiwa kwa matendo. Pili, parokia za Kikatoliki zilikuwa na sehemu kubwa katika kazi ile, katika mema yake na pia katika ubaya wake.

Mji uliokua upesi mno

Mwaka 1840 Chicago ilikuwa na watu wasiotimia 5,000. Mwaka 1890 walikuwa wamepita 1,000,000, na mwaka 1930 walikuwa wamepita 3,000,000. Watu hao walitoka pande zote: Ayalandi, Ujerumani, Poland, Italia, nchi za Wacheki na Walituania, baadaye Meksiko, na watu weusi kutoka majimbo ya kusini ya Marekani yenyewe. Wengi walikuwa wakulima. Walizoea shamba na kengele ya kanisa. Sasa walikuta viwanda vya chuma, reli, machinjio, na nyumba za mbao zilizobanana.

Watoto wao walijifunza Kiingereza upesi kuliko wazazi. Mtoto akawa mkalimani wa baba yake dukani na kwa polisi. Hapo heshima ikageuka. Baba ambaye hawezi kusoma barua bila mtoto wake hawezi tena kumtawala kama baba yake mwenyewe alivyomtawala. Na barabarani walikuwapo vijana wakubwa waliojua namna ya kuiba makaa katika mabehewa ya reli, na waliokuwa tayari kuwafundisha wadogo.

Zamani mtoto aliyekamatwa alifungwa pamoja na watu wazima. Ndipo wanawake wa Chicago, miongoni mwao Jane Addams na wenzake wa nyumba ya huduma iliyoitwa Hull House, wakadai sheria mpya. Mwaka 1899 tribunali ya kwanza ya watoto ikafunguliwa huko. Hakimu wake hakuulizwa tu kama mtoto ametenda kosa, bali pia mtoto huyu anahitaji nini ili awe mtu mwema. Mfano huo ulienea duniani. Ubelgiji ilitoa sheria yake ya ulinzi wa watoto tarehe 15 Mei 1912, ikaweka hakimu wa watoto. Kongo ilingoja mpaka dekri ya tarehe 6 Desemba 1950 juu ya watoto wahalifu.

Tribunali ilikuwa jambo jema. Lakini baada ya miaka 20 na 30 watu wa Chicago waliona kwamba watoto hawakuacha kuja mbele ya hakimu. Wengine walirudi mara ya pili, mara ya tatu, mpaka walipokua wakaenda gereza la wakubwa. Tribunali yaweza kumwonya mtoto na kumpeleka katika nyumba ya malezi. Haiwezi kukaa naye barabarani saa mbili usiku.

Ramani za Clifford Shaw

Mtu aliyefumbua jambo hilo aliitwa Clifford Shaw. Alizaliwa mwaka 1895 katika jimbo la Indiana, akakulia shambani. Alipata kuwa msimamizi wa vijana wanaotoka gerezani, kisha akawa mtaalamu katika Chuo cha Uchunguzi wa Watoto cha Chicago, akifanya kazi pamoja na mwenzake Henry McKay.

Hao wawili walifanya kazi ya uvumilivu mkubwa. Walichukua vitabu vya tribunali, wakatafuta nyumba ya kila mtoto aliyeshtakiwa, na kila nyumba wakaitia nukta katika ramani ya mji. Walifanya hivyo kwa maelfu ya watoto. Ramani zao zilionyesha kwamba nukta zilijaa karibu na kitovu cha mji, na kandokando ya viwanda na reli. Kadiri mtu alivyokwenda mbali na sehemu hizo, nukta zilipungua.

Kisha waliona jambo lingine, nalo ndilo lenye maana kuliko yote. Walilinganisha watoto wa miaka ya 1900 hadi 1906 na watoto wa miaka ya 1927 hadi 1933. Katika muda huo wenyeji wa mitaa ile mibaya walikuwa wamebadilika. Wajerumani na Waayalandi walikuwa wamehama, Wapolandi na Waitalia wakaingia. Lakini mitaa ile iliendelea kuwa mibaya kama kwanza, na watoto wa mataifa yaliyohama wakawa watulivu kama watoto wengine. Basi ubaya haukuwa katika damu ya taifa fulani. Ulikuwa katika mahali, katika maisha ya mtaa uliovunjika, ambamo wakubwa hawashikamani na wadogo hufundishwa na vijana wa barabarani. Watu waliopenda kusema kwamba Wapolandi ni wezi kwa asili, au kwamba Waitalia ni wakatili kwa asili, walinyimwa neno lao.

Kama ugonjwa umo mtaani, dawa nayo lazima iwe mtaani. Hivyo ndivyo Shaw alivyofikiri. Na mwaka 1932 alianza kulijaribu wazo lake.

Parokia ya Mtakatifu Mikaeli

Kusini mwa mji, penye kiwanda kikubwa cha chuma karibu na ziwa Michigan, palikuwa na mtaa wa Wapolandi walioishi kuzunguka uwanja uitwao Russell Square. Katikati yao lilisimama kanisa kubwa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu. Makundi ya vijana yalijaa mtaani. Hapo ndipo wasaidizi wa Shaw walipoanza.

Hawakufika na kusema: tumekuja kuwaokoa. Waliwatafuta kwanza watu wanaosikilizwa na wenzao, wenye maduka, wakubwa wa vyama, baba wa jamaa, na zaidi ya wote padri paroko, John Lange. Padri Lange alikubali, na chumba cha chini cha kanisa kikawa mahali pa michezo na mikutano ya vijana. Ikaundwa komite ya mtaa. Baadaye komite hiyo ilipata mahali pa kambi katika jimbo la Indiana, ambapo watoto wa viwandani waliweza kukaa siku kadhaa kati ya miti na hewa safi. Kambi hiyo ilipewa jina la padri. Kazi ilianzishwa pia katika mitaa mingine miwili ya mji, na mwaka 1934 yote ikaandikwa kisheria kuwa shirika moja, Chicago Area Project.

Namna komite zile zilivyotawaliwa ndilo jambo linalotuhusu zaidi. Kanuni zake zilikuwa chache, nasi twazieleza moja moja.

Kanuni ya kwanza: wakubwa wa komite ni wenyeji wa mtaa, nao huchaguliwa na wenyeji wenzao. Mtaalamu aliyetumwa na Shaw ni mshauri. Aweza kusema neno lake, lakini haongozi mkutano. Komite ikichagua njia ambayo yeye haipendi, njia hiyo hufuatwa.

Kanuni ya pili: mfanyakazi anayekaa na vijana atoke mtaa uleule, kama anapatikana. Hakuhitaji diploma kubwa. Alihitaji kujua majina ya vijana, lugha ya wazazi wao, na kona wanapokutana usiku. Wazee wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shaw aliamini jambo hilohilo.

Kanuni ya tatu: fedha za nje zisizidi nguvu za ndani. Shirika lilisaidia, lakini komite nayo ilitafuta fedha kwa sherehe za mtaa na kwa michango. Mtu hulinda kile alichokilipia.

Kanuni ya nne iliwashangaza wengi: waliotoka gerezani wasifukuzwe. Komite iliwatafuta, ikawasaidia kupata kazi, na wengine ikawapa madaraka ya kuwaangalia wadogo. Kijana mdogo anayetamani kuwa jambazi hamsikilizi mwalimu kwa urahisi. Humsikiliza mtu aliyefungwa kweli na ambaye aweza kumwambia jinsi gereza lilivyo.

Kwa kanuni hizo komite ilipata uwezo ambao polisi hawakuwa nao. Mtoto akishikwa kwa kosa dogo, polisi waliweza kumwita mtu wa komite badala ya kumpeleka kwa hakimu. Mtu huyo alimjua mama, aliijua shule, aliwajua rafiki wabaya. Mambo yakamalizwa mtaani, na mtoto hakuandikwa katika kitabu cha wahalifu.

Si wote waliofurahi. Wafanyakazi wenye diploma katika nyumba za huduma walilalamika kwamba kazi ya hatari imekabidhiwa kwa watu wasiosoma. Na tukumbuke kwamba katika mwaka 1931, kabla tu ya kazi ya Russell Square, Papa Pius XI katika barua yake Quadragesimo Anno alikuwa amefundisha kwamba jambo ambalo jamaa ndogo yaweza kulitenda kwa nguvu zake, jamaa kubwa isilinyang'anye. Shaw hakuongozwa na barua ile. Lakini Wakatoliki wa mtaa ule waliweza kuona kwamba kazi yake yapatana na mafundisho ya Kanisa.

Nyuma ya machinjio

Mwaka 1938 Shaw alimtuma kijana mmoja wa chuo chake katika mtaa mwingine, ili aanzishe komite ya namna ileile. Kijana huyo ni Saul Alinsky, Myahudi aliyezaliwa Chicago mwaka 1909. Mtaa wenyewe uliitwa Back of the Yards, yaani nyuma ya mazizi, maana ulikuwa umeegemea mazizi na machinjio makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1865. Uchafu wa machinjio ulitupwa katika mkono mmoja wa mto, na maji yake yalitoa povu mchana na usiku. Dunia nzima iliusikia mtaa huo mwaka 1906, Upton Sinclair alipotoa kitabu chake The Jungle.

Wakaaji wake karibu wote walikuwa Wakatoliki, na hata hivyo hawakupatana. Kila taifa lilikuwa na kanisa lake, padri wake, shule yake na mazishi yake. Mpolandi hakuingia kanisa la Mlituania, ijapokuwa ni hatua chache tu. Tangu mwaka 1929 unyonge mkubwa wa uchumi uliwaacha wengi bila kazi. Watoto walikwenda shuleni na njaa.

Alinsky alikutana na Joseph Meegan, Mkatoliki aliyekuwa msimamizi wa uwanja wa michezo wa Davis Square katika mtaa ule. Meegan alijulikana na kila nyumba. Wote wawili waliona kwamba uwanja wa mpira peke yake hautaponya mtaa wenye njaa. Mtoto anayeiba kwa sababu nyumbani hakuna mkate hahitaji mchezo kwanza. Ahitaji mkate, na baba yake ahitaji kazi yenye mshahara wa haki. Basi baraza la kuzuia uhalifu wa vijana lazima lishughulike na mkate na mshahara.

Hapo wakakuta jambo gumu. Wafanyakazi wa machinjio walikuwa wakiunda sindika, yaani chama cha wafanyakazi, na baadhi ya viongozi wake walikuwa Wakomunisti. Mapadri wengi waliogopa. Aliyewafungulia njia ni Askofu Bernard Sheil, askofu msaidizi wa Chicago. Huyu alipata kuwa padri wa gereza la mji, akawaona vijana wengi mwishoni mwa njia yao mbaya. Mwaka 1930 alianzisha chama cha vijana Wakatoliki kilichosifika kwa mchezo wa ngumi. Alifahamu kwamba Kanisa likikaa mbali na wafanyakazi, wafanyakazi nao watakaa mbali na Kanisa.

Tarehe 14 Julai 1939 baraza likakutana kwa mara ya kwanza. Siku mbili baadaye Askofu Sheil akapanda jukwaani mbele ya mkutano mkubwa wa wafanyakazi wa nyama, pamoja na John L. Lewis, mkubwa wa sindika za Marekani. Ilikuwa jambo lisiloonekana kabla yake.

Baraza hili lilitawaliwa tofauti na komite ya Russell Square. Hapa wanachama hawakuwa watu mmoja mmoja, bali vyama: parokia za mataifa yote, sindika, vyama vya wenye maduka, vyama vya michezo, vyama vya wanawake. Kila chama kilituma wajumbe wake. Mkutano mkuu ulikuwa wenye mamlaka, na Meegan akawa katibu mtendaji, kazi aliyoishika kwa zaidi ya miaka 40. Faida ya utaratibu huo ni hii: mjumbe alipokubali neno katika baraza, nyuma yake palikuwa na chama kizima cha kulitenda. Na mapadri ambao hawakuzoea kusalimiana walilazimika kuketi meza moja, maana watoto wao waliiba pamoja bila kuuliza taifa.

Baraza lilipata kituo cha afya kwa watoto wachanga. Lilipanga chakula cha moto na maziwa kwa watoto wa shule, na lilikuwa miongoni mwa waliotetea jambo hilo huko Washington, mpaka mwaka 1946 sheria ya nchi nzima ya chakula cha shule ilipotolewa. Lilitafuta kazi kwa vijana. Hayo yote lilihesabu kuwa ni kuzuia uhalifu.

Shaw na Alinsky waachana

Jambo hilo lilimtenga Alinsky na mkubwa wake. Shaw alitaka komite ziwapatanishe watu wote wa mtaa na wenye mamlaka. Aliogopa kwamba baraza likigombana na wenye viwanda, litapoteza msaada wao na msaada wa serikali, na mwishowe watoto wataachwa. Alinsky alijibu kwamba mtaa usio na nguvu haupati kitu kwa adabu peke yake. Mwaka 1940 alitoka katika kazi ya Shaw, akaanzisha shirika lake, Industrial Areas Foundation, kwa msaada wa Askofu Sheil na tajiri Marshall Field III.

Ni nani aliyekuwa na haki? Twaona kwamba kila mmoja alishika upande mmoja wa kweli. Baraza linalopigana kila siku husahau mtoto aliyesimama mlangoni. Na baraza lisilothubutu kumwambia mkubwa neno lolote hugeuka kuwa mlinzi wa uwanja wa mpira tu. Wanaoliongoza baraza lazima wapime, jambo kwa jambo, wakati wa kuomba na wakati wa kudai.

Je, watoto waliacha kuiba?

Msomaji atauliza: baada ya hayo yote, uhalifu ulipungua? Mwaka 1959, miaka miwili baada ya kifo cha Shaw, mtaalamu Solomon Kobrin, aliyeifahamu kazi hiyo vizuri, alitoa makala ya kupima miaka yake 25. Neno lake lilikuwa la kiasi. Alisema kwamba huenda uhalifu ulipungua penye komite hodari, lakini kupima kwa hesabu hakika ni vigumu, kwa kuwa katika mtaa mambo mengi hubadilika pamoja: kazi, nyumba, watu wanaohama. Kilichothibitika ni kwamba wenyeji wa mitaa maskini kabisa, waliodharauliwa na wote, waliweza kuunda komite, kuziongoza na kuzidumisha miaka mingi.

Twalipenda jibu hilo kwa sababu ya unyofu wake. Wapo wanaoahidi kwamba baraza litamaliza wizi mwaka huu. Mwaka ukiisha na wizi ukabaki, watu hukata tamaa na baraza huvunjika. Kazi ya namna hii huhesabiwa kwa kizazi. Mtoto aliyezuiwa asianze kuiba haandikwi katika kitabu chochote.

Mlango uliofungwa

Sasa inatupasa kueleza sehemu ya huzuni. Back of the Yards ilipata nguvu, na nguvu huonyesha tabia ya mtu. Katika miaka ya 1950 baraza lilianza kazi kubwa ya kutengeneza nyumba kuukuu na kujenga mpya. Benki zilikopesha tena, vijana waliooa walibaki mtaani. Kazi nzuri kwa macho. Lakini miaka ile watu weusi waliokuwa wakiongezeka Chicago walitafuta mahali pa kukaa, na katika Back of the Yards hawakupata. Mlango ulikuwa umefungwa, na baraza lenyewe lilisaidia kuufunga.

Tufikiri vizuri jambo hilo. Ndani ya machinjio mweusi na mweupe walisimama bega kwa bega. Sindika yao ilikuwa imejulikana kwa kuwapokea wote sawasawa. Jioni kengele ilipolia, mweupe alirudi nyumbani kwa miguu, na mweusi alipanda gari kwenda mbali, maana mtaani pale hakutakiwa. Na waliosema hayo walikuwa Wakatoliki, wana wa watu ambao babu zao walikuwa wameambiwa na Wamarekani kwamba wao ni wezi kwa asili. Ramani za Shaw zilikuwa zimewatetea wao. Hawakutaka zimtetee mwingine.

Alinsky alilifahamu jambo hilo, na lilimwumiza. Hakuficha kwamba baraza alilolizaa limekuwa ngome ya ubaguzi. Mwaka 1959 alisema mbele ya tume ya serikali ya haki za raia, akashauri namna ambayo mitaa ya weupe ingeweza kuwapokea weusi kwa hesabu iliyopatanwa. Wakati ule Monsinyori John Egan, mkubwa wa ofisi ya askofu mkuu kwa mambo ya mji, alipigana na ubaguzi huo waziwazi. Mwaka 1961 katika mtaa wa weusi wa Woodlawn likasimama shirika jipya lililotengenezwa kwa namna ya Alinsky, likiongozwa na mchungaji Arthur Brazier, kwa fedha zilizotoka kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti. Hivyo silaha ileile iliyokuwa imetumiwa kufunga mlango ikatumiwa kuufungua.

Machinjio yalifungwa mwaka 1971. Back of the Yards ya leo ina watu wengi wenye asili ya Meksiko, na baraza lake lingali lipo, likiwahudumia watoto wa wale ambao zamani wasingetazamiwa. Shirika la Shaw nalo lingali lafanya kazi.

Mambo ya kushika

Kutoka habari hizo twachukua mambo matatu.

La kwanza: wenye watoto ndio wawe wenye baraza. Serikali isaidie, parokia isaidie, wataalamu wasaidie. Lakini kiti cha mkubwa wa baraza akikalie mtu anayelala mtaani humo. Padri Lange alitoa chumba cha kanisa, naye hakuwanyang'anya wenyeji komite yao. Huo ni mfano kwa kila padri na kila katekista.

La pili: mtoto asitengwe na tumbo lake, wala na mshahara wa baba yake. Baraza linalohubiri adabu kwa mtoto mwenye njaa hujichosha bure.

La tatu: baraza lijiulize kila mwaka ni nani hayumo. Kabila gani halina mjumbe? Wageni waliohamia juzi wanasikilizwa na nani? Wanawake wana sauti gani? Vijana waliotoka gerezani wako wapi? Watu wakijilinda pamoja huanza kupendana, na hilo ni jema. Lakini upendo wa ndani hugeuka upesi kuwa chuki ya nje. Kama baraza lenye maaskofu na mapadri kando yake liliangukia shimo hilo, nani atasema kwamba yeye hataanguka?

Katika Kongo yetu, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto iliweka tribunali za watoto. Ni sheria njema. Lakini tumeona Chicago kwamba tribunali bila mtaa ni nusu ya kazi. Maibobo wa Goma na Bukavu hakuzaliwa barabarani. Ametoka katika nyumba fulani, ya avenue fulani, na majirani walimwona siku alipoanza kutorudi. Tangu mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai za Wakristu, zinazokutana nyumba kwa nyumba na kuongozwa na walei wenyewe. Jumuiya hizo zinajua nani ni mgonjwa, nani amefiwa, nani amekosa kazi. Zaweza pia kujua ni mtoto gani hajalala nyumbani tangu juzi, na kumtuma mtu amtafute kabla polisi hawajampata. Na zinapomtafuta, zisiulize kwanza ni mtoto wa kabila gani, wala kama wazazi wake huja kusali.